Seva ya akiba kwa simu za intaneti ofisini, naipangaje?

Bandarini_TA
Wakuu, ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Tanga ina simu 16 za mezani, Asterisk (programu inayoendesha simu) kwenye seva moja. Seva ya pili imeshapatikana. Nataka ya kwanza ikizima, ya pili ishike bila mtu kugusa simu. Intaneti ni faiba, pembeni kuna ruta ya 4G.

Fundi_Ngamiani
Weka keepalived (programu inayohamisha anwani seva moja ikizima) kwenye seva zote mbili, zichangie anwani moja, tuseme 192.168.10.5. Simu zote zielekezwe hapo. Kipaumbele 150 kwa ya kwanza na 100 kwa ya pili, ila zote ziandike state BACKUP (zianze kama za akiba) na nopreempt (isinyang'anye), la sivyo ya kwanza ikifufuka itanyang'anya anwani na kukata mazungumzo mara ya pili.

Ongeza vrrp_script (kipimo ndani ya keepalived) inayoiuliza Asterisk yenyewe: asterisk -rx "core show uptime". Bila hiyo, Asterisk ikifa mashine ikabaki hai, anwani haihami. Na script hiyo usiipe weight (pointi za kubadili kipaumbele)! Ukiipa, kipaumbele kitashuka tu, na nopreempt itaizuia seva ya pili kushika. Ukiiacha bila weight, seva mbovu inaingia FAULT (hali ya hitilafu) na kuachia anwani.

PJSIP (sehemu ya Asterisk inayowasiliana na simu) ifunge kwenye 192.168.10.5, kisha washa net.ipv4.ip_nonlocal_bind=1. Seva ya akiba ikiwaka haina anwani hiyo, hivyo bila ruhusa hii haitafungua mlango 5060.

Raskazone_net
Mkuu kamaliza upande wa seva. Mazungumzo yanayoendelea yatakatika, hilo halikwepeki kwa mpango huu. Weka maximum_expiration=120 (sekunde) kwenye kila aor, yaani rekodi ya usajili wa simu, ili zijisajili upya mapema. Simu nyingi huomba 3600. Ukiziachia, zitapiga nje lakini hazitapigika mpaka zijisajili upya.

Faiba ikikatika, anwani yako ya nje inabadilika. Mtoa huduma wa laini za simu anayekutambua kwa anwani atakukataa, kwa hiyo omba laini ya kujisajili kwa jina na nywila. Kasi siyo tatizo: G.711 (mfumo wa kusimba sauti) inakula kama kbps 87 kila upande, simu 8 kwa pamoja ni kbps 700 hivi.

Bandarini_TA
Shukrani sana. Swichi ni moja ya PoE (inazipa simu umeme kwa waya wa mtandao), na UPS (betri ya akiba) ni moja.

Fundi_Ngamiani
Basi hapo ndipo utakapoanguka. Nunua swichi ya pili, simu 8 huku, 8 kule, kila seva na swichi yake na UPS yake. Kisanduku cha faiba nacho kiingie kwenye UPS. TANESCO wakikata, wengi husahau hicho.