Tupeane uzoefu: viwanja vya ndege vya binafsi vilivyoachwa porini

Mwanapori: Habari zenu wakuu. Nilifanya kazi kambi za uwindaji Selous misimu tisa. Msimu ukifunguliwa Julai, basi Juni yote sisi vibarua tulikuwa kiwanjani: kufyeka, kusawazisha vichuguu kwa jembe, kufukia mashimo ya ngiri, mwisho kupaka chokaa mawe ya pembeni ili rubani aone mipaka kutoka juu. Karibu kilomita nzima, kwa mikono.

Mwaka 2019 upande wetu ukawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuwinda, kwa hiyo kampuni ilifunga kambi ikaondoka. Majuzi nilipata lifti ya kupita kule. Jamani, niliumia. Mawe yapo, mistari miwili vilevile, ila chokaa imebaki upande wa chini tu ambako mvua haipigi. Katikati imejaa miombo, yote kimo kimoja kama shamba lililopandwa siku moja. Ni visiki vyetu vile. Sisi tulikuwa tunakata tu, mizizi hatukung'oa, na miombo ukiikata inachipua. Mlingoti wa soksi ya upepo, ile ya kumwonyesha rubani upepo unavuma kwenda wapi, umesimama, kitambaa hakuna, pete ya chuma peke yake inalia kwa upepo.

Nani mwingine ameona kiwanja cha namna hii? Leteni habari.

Fundi Ndege: Mkuu umenigusa. Mimi ni fundi, nimezunguka sana na ndege ndogo ya Cessna 206. Kiwanja kilichoachwa kinadanganya, maana kutoka juu majani yanaonekana kama zulia. Rubani wetu alikuwa hatui hata siku moja bila kupita chini chini kwanza, kufukuza wanyama na kukagua ardhi. Siku moja tulipita mara tatu, akakataa. Tulipofika pale kwa gari baadaye, tulikuta shimo la muhanga katikati kabisa, linammeza mtu hadi kiunoni. Gurudumu la mbele lingeingia mle, nisingekuwa naandika hapa. Na ule udongo mweusi wa mbuga ndio usiseme: juu umekauka na kupasuka, chini tope.

Nesi wa Katavi: Shikamoo Mwanapori. Yangu inaniuma mpaka leo. Zahanati yetu ilikuwa mbali na barabara, masika haipitiki. Jirani kulikuwa na kiwanja cha mtu binafsi, alipoondoka hakuna aliyekigusa miaka minne. Usiku mmoja nikapokea mama, uchungu wa siku mbili, mtoto amekwama. Ndege ya wagonjwa ilipatikana, lakini swali la kwanza kwenye simu lilikuwa: kiwanja kikoje? Sikuweza kudanganya. Tulimbeba kwa machela mpaka kivuko, trekta likampokea ng'ambo. Mama alipona. Mtoto hatukumpata.

Wiki ile ile wanaume wa kijiji walishika mapanga bila kuitwa na mtu. Siku nne wakawa wamekisafisha.

Mtoto wa Kivu: Kwetu Walikale, Kongo, miaka ile ya kasiterite, yale mawe ya bati, ndege za kwenda Goma zilikuwa zinatua barabarani kule Kilambo. Magari yanasimama, ndege inatua, inabeba mifuko ya madini, inaruka. Si kiwanja kilichoachwa, lakini mjue porini ndege hutafuta popote.

Mwanapori: Marahaba dada Nesi, pole sana. Wakishamaliza kufyeka waambie wapitishe gari mwendo wa 60, kutoka mwisho hadi mwisho, kwenda na kurudi. Likirusha watu vichwa kwenye paa, bado. Na visiki wavichimbe, wasikate juu juu kama tulivyofanya sisi. Kile kiwanja bado kinafyekwa, au kimerudi pori?

Nesi wa Katavi: Kila Mei, baada ya masika. Mwaka huu na mimi nilikuwa na panga langu.