Katuni ya Rhodes kwenye ukuta wa darasa: niiache ichorwe au niizuie?

MwlKigoma
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia sekondari, mkoani Kigoma. Klabu yetu ya historia imepewa ukuta mmoja wa darasa na rangi, na vijana wamechagua wenyewe kuchora ile katuni ya mkoloni wa Kiingereza Cecil Rhodes akiwa amesimama juu ya Afrika, mguu mmoja Cape Town, mwingine Cairo, mikono kaitandaza kashika waya. Mliosoma historia ya ukoloni lazima mmekutana nayo.

Mkuu wa shule hataki. Anasema tutakuwa tumemtukuza mkoloni, tena kwa ukubwa wa ukuta mzima. Nilitaka kubisha, ila nilipowauliza kidato cha tatu wanaona nini, mmoja akajibu "mtu mwenye nguvu", mwingine "anaunganisha bara". Hakuna aliyeona dhihaka. Ichorwe kama ilivyo, ibadilishwe, au tuachane nayo? Naombeni mawazo, hasa wanaojua historia na wanaochora.

KobeMzee
Mkuu wako wa shule ana hoja. Kitabuni picha ina maelezo chini yake, ukutani nani atayasoma? Wenzenu Chuo Kikuu cha Cape Town waliandamana karibu mwezi mzima mpaka sanamu ya Rhodes ikaondolewa tarehe 9 Aprili 2015. Nyie ndiyo kwanza mnampandisha. Mchoreni Mkwawa, yaishe.

BintiPwani
Kobe, sanamu na katuni usizitie kapu moja. Ile sanamu iliwekwa na watu waliomheshimu.

Mwalimu, anza kwa kuwaeleza vijana ilikotoka. Ni kazi ya Edward Linley Sambourne, ilitoka katika gazeti la Punch la London tarehe 10 Desemba 1892. Rhodes wakati huo alikuwa waziri mkuu wa Koloni la Cape, na kampuni yake, British South Africa Company, ilikuwa na hati ya kifalme tangu 1889. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ametangaza mpango wa kuvuta waya wa telegrafu, yaani wa kupelekea ujumbe, mpaka Cairo. Ndiyo huo alioushika. Mkao wameutoa kwenye sanamu ya kale ya kisiwa cha Rodos, Ugiriki, ambayo watu waliamini ilitanua miguu juu ya mlango wa bandari. Kwa Kiingereza jina la kisiwa na la bwana huyu linaandikwa sawasawa, basi mchoraji akapata mzaha wake bure. Waambie pia kwamba sanamu yenyewe iliangushwa na tetemeko kabla ya kutimiza miaka 60.

Ni dhihaka? Nusu. Punch liliwacheka wakubwa huku likikaa upande wao. Kwa hiyo wanafunzi wako hawajakosea kuona nguvu. Wasomaji wengi wa London nao nadhani waliiona hiyo hiyo.

MchoraVibonzo
Nakubaliana na Binti, niongeze la ufundi. Tazama kilichoachwa nje. Bara zima lina mtu mmoja tu, naye ni Rhodes. Mjerumani hayumo, wakati tangu mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1890 yeye ndiye aliyekaa katikati ya njia hiyo, yaani hapa kwetu. Mwafrika ndiyo kabisa. Bunduki iko mgongoni, kofia mkononi, mtu yuko kama matembezini. Huo utulivu ndio unaonikera kuliko buti.

Na ndiyo maana picha haifi. Ukitaka kuonyesha taifa au kampuni inayolimezea mate bara hili, unachukua miguu ile ile, unabadilisha kichwa tu, na msomaji anaelewa kabla hajasoma neno. Mimi mwenyewe nimeiba mkao huo.

Ushauri: Rhodes abaki kwa wino mweusi kama alivyo, halafu vijana wachore kwa rangi watu walio chini ya buti zake. Msiwachore wanalia tu. Wawepo wanaolima, wanaobishana, wanaomtazama.

MtotoWaBukavu
Jambo mwalimu. Sisi huku Kongo tunaye Leopold, yule mfalme wa Ubelgiji. Mchoraji ni huyo huyo Sambourne, gazeti ni hilo hilo, tarehe 28 Novemba 1906: Leopold ni nyoka wa mpira, amemviringisha mwanaume, na nyuma mama anakimbia na mtoto. Mwaka 1908 mfalme akanyang'anywa Kongo, ikawa koloni la Ubelgiji. Weka picha mbili pamoja, uwaulize wanafunzi kwa nini Mbelgiji amekuwa nyoka na Mwingereza amekuwa jitu la kupendeza. Jibu langu: kwa sababu gazeti lilikuwa la Waingereza. Waache wabishane.

KobeMzee
Kwa hiyo sasa ukuta mmoja jitu, wa pili nyoka. Hao watoto watasoma hesabu saa ngapi?

Mzee wa Reli
Nimesoma uzi wote nashangaa: mwalimu yuko Kigoma na hakuna aliyeitaja Ujiji! Mwaka 1899 Rhodes alikwenda Berlin kumwomba mfalme wa Ujerumani, Kaiser Wilhelm II, ruhusa ya kupitisha waya katika ardhi ya Wajerumani, akakubaliwa. Waya ukapanda kutoka kusini, ukafika Ujiji, ukaishia hapo. Rhodes alifariki 1902, na Cairo waya wake haukuwahi kufika. Basi choreni kila kitu kama Punch walivyochora, ila waya ukatikie Ujiji. Mkuu wa shule akiuliza utukuzo uko wapi, mwonyeshe ncha ya waya.

MwlKigoma
Mzee wa Reli, hili hata mimi sikuwahi kulifundisha. Nimeongea na mkuu wa shule: amekubali waya uliokatika na watu chini ya buti, kwa sharti aone mchoro wa karatasi kwanza. Nyoka tutamchapa kwenye karatasi za somo. Maswali mawili: kuna haki ya mtu tunaivunja? Na wachoraji wangu wamezoea daftari, ukutani watawezaje?

BintiPwani
Haki zilishakwisha. Sambourne alifariki 1910. Nakilini bila hofu, andikeni tu jina lake na mwaka pembeni.

MchoraVibonzo
Wapige miraba kwa penseli juu ya nakala, halafu miraba idadi ile ile ukutani kwa chaki na uzi, wahamishe mraba kwa mraba. Bara lichorwe kwanza, zifuate buti, kichwa mwisho. Wakianza na kichwa, ukuta utawaishia kabla hawajafika Cape Town.