Kuwapa watafiti faili langu la korona, nisaini?

Mama_Uyole: Wakuu, tangu niugue korona nikipanda mlima na ndoo moyo unadunda balaa, kichwa kizito, sasa hospitali wanaomba faili langu kwa ajili ya utafiti, nisaini au?

Mnyalu_Og: Kamwene dada, pole. Uliza kwanza, jina lako wanalifuta kwenye faili? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, sio za kuachwa mezani mapokezi kila mtu anasoma.

Kiazi_Njombe: Uingereza wana mfumo wa kutafiti mafaili ya wagonjwa unaitwa OpenSAFELY, mtafiti hapewi faili la mtu, anatuma programu yake ikahesabu hukohuko mafaili yanakotunzwa, yeye anapata jumla tu. Mi ningesaini, maana dalili za hii korona inayong'ang'ania muda mrefu ni zaidi ya 200 na faili moja halionyeshi kitu, ndo maana tunaambiwa presha tu rudi nyumbani.

Mama_Uyole: Fomu haijasema kama jina linafutwa, kesho nawabana.