Jioni moja London: IMAX ya Waterloo, Odeon Luxe au Electric ya Portobello?

mpenda_sinema

Wakuu, salaam. Mwezi ujao kazi inanipeleka London na ratiba imeniachia jioni moja huru. Wenzangu wanapanga kupiga picha Tower Bridge na kuzunguka madukani, mimi jioni hiyo ni ya sinema. Hapa Dar nimezoea Mlimani City, na mimi ni mtu wa kuingia kabla taa hazijazimwa na kutoka majina ya mafundi wote yakishapita.

Nimebaki na majumba matatu. BFI IMAX pale Waterloo (IMAX ni ule mfumo wa sinema wa skrini kubwa mno), lile jengo la duara la vioo lililo katikati ya mzunguko wa barabara. Odeon Luxe ya Leicester Square, ambako filamu kubwa huzinduliwa kwa zulia jekundu. Na Electric ya Portobello Road, jumba la tangu 1911, lenye makochi ya ngozi, kila kochi na kistuli cha miguu na meza ndogo ya kuwekea kinywaji, na mbele kabisa vitanda vya watu wawili wawili. Nina pesa ya tiketi moja nzuri. Ninyi mngenunua ipi?

Mswahili_Lewisham

Karibu London kaka. Mimi bila kusita, Waterloo. Ile skrini ina upana wa mita 26 na kimo cha mita 20, chukua jengo la ghorofa sita ulisimamishe mbele yako. Hakuna kubwa kuliko hiyo Uingereza nzima. Ilifunguliwa 1999, na ilijengwa kwa ajili ya IMAX ya ukanda halisi wa filamu, siyo ya dijitali iliyobanwa ndani ya ukumbi wa kawaida wa mall. Hizo za mall skrini yake ni pana lakini fupi. Hii ya Waterloo umbo lake linakaribia mraba, kwa hiyo picha inakujaa kuanzia miguuni hadi juu ya kichwa.

Ukanda wenyewe ni wa milimita 70 na unapita kwenye projekta kwa ubavu, kila picha ikichukua matundu 15 ya ukingoni mwa ukanda. Filamu ya Oppenheimer ilipotoka 2023, kumbi 30 tu duniani ndizo zilizoionyesha kwa mtindo huo na hii ilikuwa mojawapo. Nakala yake ilikuwa na urefu wa karibu kilomita 18 na uzito wa kilo 270 hivi. Niliiona pale. Uso wa mtu ukijaa skrini yote unaona vinyweleo, unaona macho yanavyolowa kabla chozi halijatoka. Kwenye simu huwezi kulipata hilo hata uikaribishe vipi usoni.

Fundi_Spika_NRB

Sikubaliani na ndugu wa Lewisham, ingawa anachosema kuhusu ukubwa ni kweli. Tatizo ni kwamba filamu nyingi zinazouzwa kwa jina la IMAX hazikupigwa kwa kamera hizo. Ukiingia pale wiki ambayo kuna filamu ya kawaida, utapata picha yenye weusi juu na chini, na ile mita 20 hutaiona.

Mimi kazi yangu ni sauti, nafunga mitambo makanisani na kwenye kumbi, kwa hiyo naongea nikijua. Nenda Odeon. Mwaka 2018 walipoifungua upya baada ya ukarabati waliweka Dolby Cinema, mfumo wa picha na sauti wa kampuni ya Dolby. Ukumbi wa kawaida mwanga wa projekta hulengwa niti 48 (niti ni kipimo cha mwangaza), Dolby inafika 108. Lakini uzuri wake uko kwenye giza. Kwenye kumbi nyingi usiku wa kwenye filamu ni wa kijivu, ukiutazama vizuri unaona skrini inang'aa. Kwa Dolby, picha ikiwa nyeusi hujui skrini inaishia wapi na ukuta unaanzia wapi.

Halafu kuna Atmos, upande wa sauti wa Dolby. Mfumo huu ulitoka 2012 na unaweza kuendesha hadi njia 64 za spika, zikiwemo za darini, kila moja kivyake. Mvua ikinyesha unaisikia iko juu ya paa, na hatua za mtu zinakuzunguka kutoka bega hili hadi lile. Kata siti ya katikati, theluthi mbili ya ukumbi kutoka mbele. Ukikaa pembeni kabisa umelipia spika moja tu.

BintiMakunduchi

Mnamshauri mtu kama anakwenda kununua mtambo. Jamani, ameuliza kuhusu jioni! Electric ni nzuri kwa macho hata kabla filamu haijaanza. Dari lenye nakshi za plasta, kuta nyekundu, taa ndogo mezani, kochi ambalo mtu mzima unaenea. Unaagiza kinywaji chako, unaweka miguu juu. Skrini ni ya kawaida, sawa, lakini tamthilia ya watu wawili wanaozungumza jikoni haihitaji ghorofa sita.

Kijana_wa_Deira

Dada Makunduchi, kwa heshima zote, viti vya kifahari nimevijua huku Dubai na vina hila zake. Tuna kumbi za kulala kabisa: blanketi, mto, kitufe cha kumwita mhudumu, chakula cha mpishi mwenye jina. Mara ya kwanza unajiona sultani. Ila kuna mambo mawili. Vile viti vyenye mgongo mrefu vinaziba masikio, sauti za nyuma zinakufikia nusu. Na mhudumu anapita na sahani pale pale filamu imefika mahali ambapo hutaki hata mtu akohoe. Kwa ucheshi na filamu za familia navipenda sana. Filamu ninayoisubiri mwaka mzima nakwenda ukumbi wa skrini kubwa, nakaa wima.

Mzee_wa_Vuga

Wanangu, nawasoma kwa furaha. Sisi Unguja tulikuwa na Royal, iliyojengwa na Jariwalla, ikafunguliwa 1921, baadaye ikaitwa Majestic. Hukwendi na nguo za kushindia. Mama zetu walitoka na mabuibui mapya, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa, na nusu ya starehe ilikuwa kusalimiana barazani. Nilipohamia Dar kulikuwa na Drive-In, ya tangu 1966, pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa. Familia nzima garini, na sufuria ya pilau.

Kwa hiyo kijana, mimi nakupeleka Odeon, lakini sababu yangu siyo niti. Ni jumba la 1937, la enzi ambazo mwenye sinema alijenga kasri ili mtu wa kawaida ajione mgeni rasmi. Bado wanacho kile kinanda cha Compton kinachopanda jukwaani kutoka chini. Na walipokarabati walikubali kupunguza viti kutoka zaidi ya 1,600 hadi 800 hivi ili watu wakae kwa nafasi. Ukumbi wa watu 800 wakicheka pamoja, hiyo ndiyo sinema.

mpenda_sinema

Mzee wangu shikamoo, na asanteni wote. Nimeshaona naanza na filamu kabla ya jumba. Wiki hiyo ikiwepo iliyopigwa kwa kamera za IMAX, nakwenda Waterloo. Isipokuwepo, Odeon. Electric naiweka kwa siku nitakayokuja na mama watoto, maana kile kitanda peke yangu sitakitendea haki.

Mswahili_Lewisham

Haki kabisa. Angalia kwenye tovuti yao: ikiwa imeandikwa milimita 70, kata tiketi siku hiyo hiyo, zinaisha upesi. Waterloo usikae safu za mbele, utatoka na shingo inauma. Panda juu, katikati. Na ukishuka stesheni fuata vibao vya IMAX, kuna njia ya chini ya barabara inayokufikisha mlangoni.

Fundi_Spika_NRB

Ukienda Odeon rudi hapa utuambie besi yake ikoje. Uzi naufuatilia.