Kamati ya safari, mlijua tangu Alhamisi kuwa mechi imerudishwa saa 10. Kwa nini mlitupandisha treni?

Wakuu, heshima kwenu. Wasimamizi wa jukwaa naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa matokeo, maana hauhusu matokeo.

Sisi ni mashabiki 64 tuliotoka Mbeya Jumamosi kwa treni kwenda Dar, kuisindikiza timu yetu uwanja wa Chamazi. Jina la tawi sitaliandika. Wahusika wanajijua, na wengine wamo humu humu wanasoma. Nilisubiri siku nne nikidhani mtu mzima mmoja kwenye kamati atasimama kwenye grupu aseme "jamani, tumewakosea". Kilichokuja ni picha ya mwenyekiti akiwa amevaa jezi na maneno "asanteni kwa ushirikiano". Basi nimekuja kuyasema hapa.

Ratiba ya kwanza ilikuwa Jumapili saa 1:00 usiku. Kwa muda huo treni ilifaa kabisa. Unapanda Iyunga Jumamosi jioni, unaamkia bonde la Kilombero, Jumapili jioni uko Dar, na Chamazi unaingia taa zimeshawashwa. Wazee wetu hawataki basi, na sababu wanazo. Mtu aliyepita mlima Kitonga usiku nyuma ya lori lililofeli breki haombi kurudia. Kwenye treni ngoma inakaa, watu wananyoosha miguu, mnaimba. Kwa hiyo hakuna aliyebisha kamati ilipotangaza treni. Tulichanga 130,000 kila mmoja: kwenda daraja la pili, kurudi na basi la kukodi usiku ule ule, tiketi ya uwanjani na chakula. Zidisheni wenyewe kwa watu 64, ni 8,320,000. Kuna kijana wa Soweto ya Mbeya aliuza simu yake. Kuna mama ntilie wa Mwanjelwa alifunga genge siku tatu.

Halafu ratiba ikabadilishwa, mechi ikarudishwa saa 10:00 jioni. Mabadiliko ya ratiba kwenye ligi yetu tumeyazoea, sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba kamati ilipata taarifa ALHAMISI. Sisi tuliondoka JUMAMOSI. Katikati hapo kuna siku nzima ya Ijumaa ya kutafuta mabasi, na mabasi ya usiku siku hizi yapo. Wakakaa kimya. Kwenye grupu Ijumaa yote wanatuma stika za kuchekesha na kukumbusha watu wasisahau skafu.

Stesheni ndipo tulipoanza kushtuka, ila kwa jambo jingine. Tiketi zinagawiwa, kila mtu anaangalia yake, daraja la tatu. Tulikuwa tumeambiwa vyumba vya watu sita sita, vitanda, na kwa kuwa tunachukua vyumba vizima wake kwa waume wangekaa pamoja bila usumbufu. Tunauliza, tunajibiwa "vitanda vimejaa, tofauti mtarudishiwa Dar". Treni inakaribia kuondoka, ungefanya nini? Tukapanda.

Sasa naomba niwaambie kuhusu mzee mmoja, maana ndiye anayenifanya nikose usingizi.

Ana miaka 71, anatoka Isyonje, mkulima wa viazi. Sisi vijana tunamwita Tata. Huyu aliishuhudia Tukuyu Stars ikichukua ubingwa wa nchi 1986, ndio kwanza imepanda daraja, na anakusimulia mechi moja moja kama ya juzi. Mpira wa nyanda za juu haukuanza na Mbeya City kushika nafasi ya tatu msimu wa 2013/14, ingawa vijana wengi humu historia yao inaanzia hapo. Tata aliuza magunia mawili ya viazi kabla bei haijapanda ili apate hiyo 130,000. Nilimwambia asubiri mwezi ujao bei itakuwa nzuri. Akasema mwezi ujao timu haiendi Dar.

Na treni aliitaka kwa sababu nyingine pia. Reli ile ya TAZARA ilipojengwa na Wachina, 1970 hadi 1975, yeye alikuwa kijana wa kibarua kwenye kipande cha Mlimba kupanda Makambako. Ni kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, lakini muulize yeyote aliyeshika sururu pale, atakwambia kazi ilikuwa kwenye ule mteremko, handaki baada ya handaki, daraja baada ya daraja. Hakuwahi kupita tena. Alitaka apite mara moja akiwa abiria.

Makambako tulifika usiku, baridi ile mnaijua. Daraja la tatu limejaa, mabegi hadi njiani, goti lake la kulia halikunji vizuri na hakuna pa kulinyoosha. Tukampa kiti cha pembeni, ngoma kubwa tukaiweka chini mbele yake, akapandisha mguu juu ya ngoma. Akakaa hivyo hadi alfajiri. Treni ikiingia handakini sauti ya magurudumu inabadilika, masikio yanaziba, na nje giza lile lile. Yeye anagusa kioo kwa kidole anasema, "Hapa." Kimya kidogo, tunatoka. Tukiingia jingine, "Na hapa." Kijana mmoja akamuuliza walikufa watu? Akasema, "Walikufa, wetu na Wachina." Hakuongeza neno.

Huyo ndiye mliyemdanganya. Mlikula naye chapati stesheni ya Igurusi mkiwa mnajua hataiona mechi.

Ifakara tulifika asubuhi. Kijana mmoja akashuka kununua maji, mtandao ukashika, akapanda anakimbia, simu mkononi: mechi saa 10! Behewa zima likasimama. Tukamwendea katibu. Naandika alichosema neno kwa neno kwa sababu tulikuwa zaidi ya 20 tumemzunguka: "Tulijua Alhamisi, lakini tiketi tulishalipia, hatukutaka kuwavunja watu moyo."

Hamkutaka kutuvunja moyo! Mtu akikwambia Alhamisi una Ijumaa ya kuamua. Wengine wangebaki, wengine wangepanda basi, wengine wangeangalia kwenye TV na kuokoa hela ya ada ya mtoto. Mtu akikwambia Ifakara, huna la kufanya. Treni si daladala, husemi "shusha". Ukishatoka pale unaingia Kidatu, unaingia kwenye hifadhi, twiga wanakuangalia na simu haina hata nukta moja ya mtandao. Mlitupangia tujue tukiwa tayari hatuwezi kutoka.

Vijana wanne walishuka pale pale wakatafuta gari kupitia Mikumi. Wengine tulibaki, kwa sababu mfukoni hatukuwa na nauli ya pili, na kwa sababu wazee na ngoma huwezi kuwaacha. Treni yenyewe haikufanya kosa lolote, ilikwenda mwendo wake. Reli ni njia moja, ya abiria na ya mizigo zikikutana lazima moja isubiri stesheni mwenzake apite. Kila mtu wa Mbeya analijua hili tangu utoto, na kamati ilipiga hesabu kwa kulijua. Saa 10 tulikuwa bado porini. Watu waliacha kuongea. Yule mama wa Mwanjelwa alikuwa ameshika skafu mikononi anaikunja na kuikunjua.

Dar tuliingia saa 12 kasoro. Mtandao uliporudi, kabla hata hatujafika, simu zikaanza kulia zote kwa pamoja. Dakika ya 83, bao la kusawazisha. Moja moja. Kungekuwa na kelele humo ndani, mngezisikia hadi Mbagala. Hakuna aliyeshangilia. Shemeji yangu anayekaa Chamazi akanitumia picha: mfungaji amekimbia hadi kwenye uzio upande wa wageni, mikono juu, na mbele yake wamesimama wale vijana wanne walioshuka Ifakara, waliingia kipindi cha pili. Wanne. Nyuma yao viti vitupu mpaka juu. Vile vilikuwa viti vyetu. Ngoma iko kwenye behewa chini ya mguu wa Tata.

Basi la kurudi halikuwepo. Tukaambiwa dereva alipewa kianzio tu, akasubiri, akaondoka. Katibu akasema anakwenda kulishughulikia, akazima simu. Tulilala kituo cha Magufuli Mbezi, kwenye mabenchi, asubuhi watu wakaanza kupiga simu nyumbani kuomba nauli. Tata nilimlipia mimi, na nashukuru nilikuwa nacho. Kuna waliofika Mbeya Jumatano.

Sasa nije kwa wanaosema "kamati inajitolea, msiwavunje nguvu". Nimejitolea na mimi kwenye tawi, nimebeba ngoma ile uwanja wa Sokoine kwenye mvua. Kujitolea hakumpi mtu ruhusa ya kukaa na 8,320,000 za wenzake bila kutoa hesabu, na hakumpi ruhusa ya kuamua kwa niaba yangu kama nastahili kujua saa ya mechi. Mngesema ukweli Alhamisi na mkatueleza tiketi za treni hazirudishwi, tungenung'unika, tungechangishana tena, au tungekubali kubaki. Mngekuwa bado ni kamati yetu.

Na msiniambie "ni mpira tu". Kwa sisi wa huku safari ya ugenini Dar ni zaidi ya kilomita 800 kwenda peke yake. Mtu wa Temeke anakwenda uwanjani baada ya chai ya jioni. Wa Mbeya anaomba ruhusa kazini, anaacha mtu shambani, anakopa kikoba. Ndiyo maana tukifika ugenini tunaimba kuliko wenyeji. Anayepanga safari ya watu wa namna hii ameshika jasho la mwaka mzima.

Ninachotaka ni hiki. Mapato na matumizi yote yawekwe kwenye karatasi, pamoja na risiti. Tofauti ya daraja la pili na la tatu irudi kwa kila mtu, na hela ya basi ambalo hatukulipanda irudi pia, na ya tiketi za uwanjani ambazo hatukuziona kabisa. Mwenyekiti na katibu waende Isyonje kwa miguu yao wakamwambie Tata uso kwa uso walichotuambia Ifakara. Nilikwenda kumwona jana. Hakulalamika. Aliniuliza tu lile bao lilifungwa goli la upande gani, nikashindwa kumjibu, nikamwonyesha picha ya shemeji. Akaiangalia sana, akauliza, "Hawa wengine wako wapi?"

Kikao ni Jumamosi saa 9 alasiri, pale pale tunapokutana siku zote. Nimeshakusanya tiketi 41 za daraja la tatu, kila moja ina nauli yake imeandikwa. Wenye 23 zilizobaki, kama hamjazitupa, nileteeni kabla ya Ijumaa.