AI imenipa soko la bilioni 99 la kupuliza mikorosho Mtwara na Lindi, niiweke kwenye fomu?

KijanaWaTandahimba ameuliza:

Wakuu habari za jioni. Niko huku Tandahimba, mimi na wenzangu wawili tunaanzisha startapu ya kupuliza mikorosho kwa kukodi. Mkulima anapiga simu au anatuma meseji WhatsApp, tunakuja na mashine na vijana wenye barakoa, tunapuliza salfa, ile dawa ya ugonjwa wa mikorosho, afu mfumo unamkumbusha mzunguko unaofuata ni lini, analipa kwa simu. Wazee wengi huku nguvu ya kubeba ile mashine mgongoni hawana tena na watoto wao wako Dar, kwahiyo uhitaji nauona kwa macho yangu.

Sasa kuna sehemu tunaomba mtaji na fomu yao inataka ukubwa wa soko: soko lote, soko tunaloweza kulifikia, na soko tutakalolipata kweli miaka ya mwanzo. Nikaingia ChatGPT nikaiambia ikadirie. Ikanipa shilingi bilioni 99 kwa mwaka, ikasema asilimia 70 ya watu wa mikoa hii miwili ni wakulima wa korosho na kila mmoja atalipa elfu 50 kwa msimu, imetaja mpaka sensa. Kesho yake nikauliza upya kwenye chati mpya ikanipa bilioni 31. Nikajaribu Gemini, AI nyingine, ikaja na yake. Mwenzangu anasema tuweke ile kubwa ndo inavutia. Mimi roho inakataa kupeleka namba ambayo nikiulizwa imetoka wapi nitabaki nimekaa kimya. Mliowahi kufanya makadirio ya soko kwa AI mnafanyaje? Na kwa huku kwetu data naanzia wapi?

Takwimu_Shangani amejibu:

Mdogo wangu roho yako iko sahihi, isikilize. Tuifungue hiyo bilioni 99. Sensa ya 2022 Mtwara ina watu 1,634,947 na Lindi 1,194,028, jumla 2,828,975. Chukua asilimia 70, zidisha kwa elfu 50, unapata bilioni 99 na vichenji. Kwahiyo mle ndani namba ya kweli ni moja tu, ile ya sensa. Asilimia 70 na elfu 50 imejijazia yenyewe, ndo maana kesho yake ikajijazia nyingine ukapata 31. Haya mambo ya AI yanapanga maneno yanayoelekea kufuatana, pale ambapo takwimu haijachapishwa popote mara nyingi haikwambii hakuna, inakuwekea inayofanana na ukweli, tena kwa lugha ya kujiamini.

Na hata hiyo ya sensa imeitumia vibaya. Imemhesabu mtoto aliyezaliwa juzi na mvuvi wa Kilwa Masoko kama wateja wa salfa. Shamba moja linalipiwa na kaya moja, hawalipi watu wanne kila mmoja elfu 50 yake. Ukitaka kutoka juu kushuka chini basi anza na kaya, na usitumie wastani wa taifa wa watu 4.3 kwa kaya maana kaya za kusini ni ndogo kuliko hapo, ingia kwenye ripoti za Ofisi ya Taifa ya Takwimu kuna majedwali ya mkoa mpaka wilaya.

Kingine, ukiiambia ikadirie kwa tani za korosho, angalia isikuchanganye. Uzalishaji wa korosho ni wa nchi nzima, una Ruvuma, Pwani na kwingineko, afu unahesabiwa kwa msimu sio kwa mwaka wa kalenda. Msimu wa 2023/24 ulikuwa tani laki tatu na kitu, wa 2024/25 ukavuka laki tano. Ukiiacha AI ichague msimu wa kuanzia, soko lako linapanda au kushuka sana bila wewe kupata hata mteja mmoja.

KaraniMstaafu_Newala amejibu:

Mwanangu shikamoo nimeipokea hata kama hujaitoa, nakuona una nia. Mimi nimekaa kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, miaka mingi nikipima korosho na kuandika stakabadhi, nikwambie data yako iko wapi. Iko ofisi ya AMCOS ya kijiji chako. Wakulima wamesajiliwa kwa ajili ya pembejeo za ruzuku, na kila anayeleta mzigo anaandikwa kilo zake. Ukitoka hapo uende Bodi ya Korosho, na Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara, kwa mambo ya kitaalamu. Omba kwa barua, omba jumla tu, wakulima wangapi, miti mingapi, kilo ngapi, majina hayakuhusu.

Ila miti ile ya kwenye daftari usiichukue hivihivi. Utaalamu unasema mita 12 kwa 12, hapo ekari moja inaingia miti kama 28. Mashamba ya wazee wetu yamebanana, ekari moja ina mikorosho mingi kuliko hiyo na mingine ni mizee haipulizwi kabisa. Tembea mashamba machache uhesabu mwenyewe.

Afu kuna jambo ambalo hiyo AI haikulihesabu. Salfa ya unga inapulizwa alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani ndo inashika, na upepo uwe umetulia. Jua likishapanda na upepo ukaanza, unga wote unaenda kwa jirani. Kwahiyo mashine moja ina masaa machache tu kwa siku, na msimu wenyewe ni mfupi, mikorosho inachipua na kutoa maua, ubwiriunga, ule ugonjwa unaotibiwa kwa salfa, unaingia, kila mtu anakutaka wiki ileile. Tuseme una mashine 3, kila moja inamaliza miti 150 kwa asubuhi, na unapata asubuhi 60 nzuri. Hiyo ni mara 27,000 za kupuliza mti. Tuseme sh 600 kila mara, ni milioni 16 na laki mbili basi, na kama kila mti unataka mizunguko 4 umehudumia miti 6,750 tu. Namba hizo nimezitunga kukuonyesha njia, weka za kwako. Soko utakalolipata kweli linatoka hapo kwenye mashine na asubuhi.

Na pesa. Korosho zinauzwa mnadani kuanzia mwezi wa kumi, wewe unapuliza mwezi wa sita mpaka wa nane mkulima akiwa hana kitu. Ndo kipindi hichohicho watu wanaingia kwenye kangomba, wanauza korosho zikiwa bado mtini kwa bei ya kuumiza. Sasa usije ukasema utapuliza bure ulipwe korosho msimu ukifika, hapo umeingia kwenye kangomba na imekatazwa. Kwahiyo usihesabu wote wanaohitaji, hesabu wenye hela mwezi wa sita.

DadaRuangwa amejibu:

Mzee hapo mwisho kamaliza, hiyo ya hela ya mwezi wa sita ndo swali lenyewe.

Mimi AI naitumia sana kwenye biashara za watu na naipenda, ila siiombi namba. Naiandikia hivi: usinipe jibu, niorodheshee kila kitu ninachotakiwa kukijua ili nipate soko la huduma hii, na kwa kila kimoja niambie nitakipata kwa nani. Hapo inafanya kazi nzuri mno, itakukumbusha vitu kama mafuta ya mashine, vijana wanaopuliza kwa vibarua ambao ndo washindani wako, na kwamba salfa ikiwa ya ruzuku usiijumlishe kwenye mapato yako, chako ni kazi ya kupuliza tu. Nikishakusanya naipa namba zangu tatu kwa kila kitu, ya chini, ya kati na ya juu, naiambia ipige hesabu na inionyeshe ni kipi kikibadilika kidogo jibu linayumba sana. Kwako naona itakuwa ni wangapi wanalipa taslimu. Basi nguvu zako zote za utafiti peleka hapo.

Ukiipandishia PDF ya sensa iambie ikutajie ukurasa, afu ufungue huo ukurasa kwa mkono wako. Na orodha ya wakulima yenye majina na namba za simu usiipandishe, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na pia ni heshima tu kwa wale wazee.

KijanaWaTandahimba ameandika:

Shikamoo mzee wangu, na asanteni sana dada na kaka. Nimeongea na mwenzangu, bilioni 99 tumeifuta. Tunaanza na AMCOS za kata yetu, soko lote tutaandika la wilaya kwa kaya zenye mikorosho, na la mwisho tunalitoa kwenye mashine kama alivyosema mzee. Swali langu moja limebaki, hao wenye hela mwezi wa sita nawahesabuje? Nahisi wengi ni watoto wa hapa walioko Dar na Mtwara mjini wanaotuma hela nyumbani shamba lipulizwe.

DadaRuangwa amejibu:

Ndo haohao. Kila kijiji huku kina grupu la WhatsApp la waliotoka, lile la misiba na michango. Ongea na admini uingie, ujitambulishe, uulize vitu viwili tu: nani ana shamba nyumbani, na mwaka jana alimtumia nani shilingi ngapi kwa ajili ya kupuliza. Wanajibu vizuri maana wengi wanalalamika hela wanatuma na hawajui kama mzunguko wa tatu ulifanyika. Ukipata grupu za vijiji vichache unakuwa na bei halisi na idadi halisi, hizo ndo uipe AI ikupanulie kwa wilaya.

KaraniMstaafu_Newala amejibu:

Marahaba mwanangu. Na picha ya mti uliopulizwa na tarehe yake watumie hao wa Dar, watakulipa kabla hata hujadai. Barua ya AMCOS ipeleke mapema, ikifika msimu wa kupima korosho hakuna atakayekuwa na muda wa kukufungulia daftari.