Mrejesho: supu ya kuku imekubali

Wakuu, ni mimi yule niliyeuliza mbona supu yangu ya kuku inatoka na ukungu kama maji ya kuoshea vyombo na nyama inakuwa kavu. Kumbe kosa lilikuwa moto mkali! Jana nimeanza na maji baridi, mapaja yenye mifupa, tangawizi na kitunguu, ilipoanza tu kuchemka nikaengua lile povu lote nikapunguza moto ikawa inatokota taratiiibu dakika kama 45 hivi, karoti nikatia mwishoni zisivurugike. Ndimu nimekamulia kwenye bakuli. Supu unaona mpaka chini! Chumvi ndo nilizidisha kidogo, nikaongeza maji moto. Mwanangu yule mbishi wa kula kaongeza mara mbili, asanteni jamani.